SUFURIA NDANI YA SUFURIA: KUPASHA MAZIWA NYUMBANI BILA KUYAUNGUZA

Mazungumzo yetu ya leo hayahusu mbolea wala josho. Leo tunaingia jikoni. Nawaomba akina baba msiinuke kwa kudhani kwamba haya ni mambo ya akina mama peke yao. Ng'ombe ni wenu wote, maziwa mnakunywa wote, na homa ikiingia nyumbani haichagui.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Kwa miaka kadhaa nilipokuwa nikizunguka vijijini, hasa huku Rungwe ambako ng'ombe wa maziwa hufugwa nyuma ya nyumba katikati ya migomba, nilikuwa na somo moja nililolirudia kila nilikokwenda: "Chemsheni maziwa." Watu waliitikia kwa vichwa, walinikaribisha ndizi na chai, nami nikaandika katika daftari langu kwamba wamefundishwa. Nikirudi baada ya mwezi, nawakuta wanakunywa mabichi kama zamani. Nikawaona ni wakaidi.

Siku moja nilifika kwa bibi mmoja mwenye ng'ombe wawili. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja tena na maziwa yako ya moshi?"

Nikamwuliza ana maana gani. Hakunijibu kwa maneno. Aliingia jikoni akatoka na sufuria, akaniinamishia niione ndani. Chini palikuwa na ukoko mweusi, umeshika kama lami.

"Nimechemsha kama ulivyosema," akaniambia. "Mengine yamefura yakamwagikia motoni. Mengine yameshika chini. Yaliyobaki wajukuu wamekataa, wanasema yananuka. Nikajaribu kuyagandisha, hayakuganda, yakaoza. Lita mbili hizo, mwanangu. Aliyepata faida ni mbwa."

Sikuwa na jibu. Yule bibi hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa amejaribu, akapata hasara, akaacha, kama mkulima yeyote mwenye akili anavyoiacha mbegu isiyoota. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyesema "chemsheni" bila kusema "namna gani".

Basi leo tutazungumza juu ya namna hiyo. Lakini kwanza tuelewane kwa nini ni lazima maziwa yapite kwenye moto, maana wapo wanaosema, "Wazazi wetu walikunywa mabichi na wakazeeka."

Maziwa mabichi yanaweza kubeba magonjwa kadhaa ya ng'ombe na mbuzi yanayompata pia mtu. Moja ni kifua kikuu cha ng'ombe. Jingine ni ule ugonjwa wa kutupa mimba, ambao wataalamu huuita bruselosi. Ng'ombe akiwa nao anaweza kutupa mimba mara moja, kisha akazaa vizuri, akanenepa, akakamuliwa, na wewe ukamwona mzima kabisa, kumbe maziwa yake yana vijidudu. Mtu akiambukizwa hupata homa inayopanda na kushuka, jasho jingi usiku, viungo kuuma, mgongo kuuma, na uchovu usiokwisha. Inafanana sana na malaria. Ndiyo sababu mtu hunywa dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, na homa inarudi palepale. Wengine hukaa hivyo kwa miezi, shamba linaota magugu, na watu wanaanza kutafuta mchawi.

Habari za ugonjwa huu zina historia ndefu. Katika kisiwa cha Malta, kule Bahari ya Kati, askari wa Kiingereza waliugua na kufa kwa homa ya namna hiyo. Mwaka 1887 daktari wa jeshi aliyeitwa David Bruce aliandika kwamba ameviona vijidudu vyake katika bandama za waliokufa. Lakini vinatoka wapi? Walilaumu hewa, walilaumu uchafu. Ilichukua mpaka mwaka 1905 ndipo daktari mwenyeji wa Malta, Themistocles Zammit, alipogundua kwamba mbuzi ndio waliovibeba. Na mbuzi wale walikuwa wanaonekana wazima, wanakamuliwa mlangoni kwa watu kila asubuhi. Mwaka 1906 askari walikatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na homa ile ikapungua sana kambini kwao. Raia wa kisiwa hicho walioendelea kuyanywa waliendelea kuugua.

Kwa hiyo nikisema maziwa yapite kwenye moto, simaanishi usafi wa kizungu. Namaanisha kwamba mjukuu asiugue.

Sasa turudi kwenye sufuria ya bibi. Kwa nini maziwa yaungue na maji yasiungue? Ndani ya maziwa mna protini na sukari. Moto wa kuni una joto la mamia ya nyuzi, nao unapiga bati la sufuria moja kwa moja. Sufuria zetu ni nyembamba. Maziwa yanayogusa bati hushika palepale chini, yanakauka, yanaungua, na harufu ya moshi inapanda katika maziwa yote. Wakati huohuo juu panatanda utando. Mvuke unaotoka chini unazuiliwa na utando huo mpaka unapata nguvu, kisha unayainua maziwa yote kwa pamoja, na wewe umegeuka kidogo tu kumnyamazisha mtoto. Ukirudi, mafiga yamezimika.

Dawa yake ni kuweka maji kati ya moto na maziwa. Maji yana tabia moja nzuri sana: yakishachemka, hayaongezi joto tena hata ukiyachochea kuni za mzigo mzima. Yanageuka mvuke tu. Dar es Salaam, kando ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Huku juu huchemka mapema zaidi: Njombe, ambako ni kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo maadamu kuna maji katika sufuria ya nje, bati la sufuria ya ndani haliwezi kupata joto kupita hapo. Maziwa yatapata joto la kuua vijidudu, lakini hayatapata joto la kuungua. Hayatafura pia. Unaweza kumnyamazisha mtoto ukarudi.

Njia hii si ya jana. Wafaransa mpaka leo huiita "hodhi la Maria", na wanaoeleza asili ya jina hilo humtaja Maria, mwanamke wa Kiyahudi aliyeishi Misri zamani sana na kufanya kazi ya kuchanganya dawa na madini. Jikoni kwetu tuiite tu sufuria ndani ya sufuria.

Utahitaji sufuria mbili. Ya nje iwe kubwa, tuseme ya lita nane. Ya ndani iwe ya lita nne hivi, nawe uweke humo maziwa lita mbili au tatu, usiijaze. Ya ndani isikae moja kwa moja juu ya bati la sufuria ya nje, kwa sababu hapo joto la moto litapita tena na tutakuwa hatujafanya kitu. Lazima pawe na kitu katikati ili maji yapite chini yake.

Hapo napo nilifunzwa na bibi yule. Nilipomrudia kumwonyesha, nilikuwa na vijiwe vitatu bapa. Maji yalipoanza kuchemka, sufuria ya ndani ikaanza kucheza juu ya vijiwe, kwa-kwa-kwa-kwa, mpaka kuku wakatoka jikoni. Bibi akacheka, akavuta majani makavu ya mgomba, akayasokota ngata kama ile ya kujitwishia ndoo, akaiweka chini ya sufuria. Kelele ikaisha. Tangu siku hiyo sibebi vijiwe. Ngata ya majani ya mgomba au ya kitambaa cha pamba kilicho safi inatosha, ila isiwe ya nailoni, itayeyuka.

Maji ya nje yafike karibu na kimo cha maziwa yaliyo ndani, au pungufu kidogo. Yakiwa machache mno, maziwa ya juu yatachelewa kupata joto. Yakizidi kimo cha maziwa, sufuria ya ndani itaelea, itayumba, na mwisho itapinduka. Ukitaka kuokoa wakati, tia maziwa ndani baada ya maji kupata moto. Kisha funika nusu, na kila baada ya dakika chache koroga taratibu kwa mwiko safi mpaka chini, ili joto lienee. Mwiko uliotoka kwenye mboga usiuguse humo.

Sasa swali ambalo huulizwa kila mara: nitajuaje kwamba yametosha? Viwanda vya maziwa vina vipimo vyao: nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Vipimo hivyo viwili vinafanya kazi ileile, na jina lake linatokana na Louis Pasteur, Mfaransa aliyeonyesha katika miaka ya 1860 kwamba joto la kiasi, lisilofikia kuchemsha, linatosha kuzuia divai isiharibike. Wewe ukiwa na kipimajoto cha maziwa, ngoja kifike nyuzi 75, kisha uyaache hapo dakika tano zaidi ndipo uipue. Hizo nyongeza ni kwa sababu jiko letu si kiwanda.

Nawaonya jambo moja, maana nimeliona kwa macho yangu: usitumie kile kipimajoto cha kupimia homa. Kile huishia nyuzi 42 tu. Cha kioo ukikitumbukiza katika maziwa ya moto kitapasuka, na zebaki iliyomo ni sumu. Maziwa hayo ni ya kumwaga.

Asiye na kipimajoto chochote atumie macho na saa. Subiri maji ya nje yachemke kwa nguvu. Kisha tazama maziwa: yataanza kutoa mvuke wenyewe, na pembeni, pale yanapogusa sufuria, vitatokea vipovu vidogo vidogo kama shanga. Ukiviona, funika kabisa, anza kuhesabu dakika 15, na maji ya nje yaendelee kuchemka muda wote huo. Asiye na saa awashe redio. Taarifa ya habari huwa ndefu ya kutosha.

Maji ya nje yakipungua ongeza maji ya moto, usiongeze ya baridi. Na uangalie sana unapoinua mfuniko na unapoitoa sufuria ya ndani, kwa maana mvuke unachoma kuliko maji. Watoto wakae mbali. Kwa usalama mimi hupendelea kuipua zote mbili pamoja, kuziacha zitulie kidogo, ndipo niinue ya ndani kwa vitambaa viwili.

Kazi haijaisha. Maziwa yaliyokwisha pashwa yakiachwa yapoe polepole hadi usiku wa manane, vijidudu vilivyobaki na vile vinavyoanguka kutoka hewani vitazaliana humo kwa furaha. Yapoze haraka. Na hapa ndipo sufuria yetu ya nje inapofanya kazi ya pili: miminia maji yake ya moto katika karai, jaza maji ya baridi, rudisha sufuria ya maziwa humo, na ubadilishe maji hayo mara mbili au tatu huku maziwa yamefunikwa. Maji ya mito ya huku kwetu yanafaa mno kwa kazi hiyo. Yale maji ya moto uliyoyamimina usiyamwage. Oshea ndoo ya kukamulia, chujio na vibuyu.

Nasema hivyo kwa sababu wapo watakaoniuliza juu ya kuni. Ni kweli, njia hii inakula muda zaidi na kuni kidogo zaidi kuliko kuweka sufuria moja juu ya mafiga, maana unapasha maji na maziwa pamoja. Sitawadanganya. Lakini maji ya kuoshea vyombo ulikuwa huna budi kuyapasha, na lita mbili zilizoungua nazo zilikula kuni. Funika vizuri, kinga mafiga na upepo, na maji yakishachemka punguza kuni. Kuchochea zaidi hakuongezi joto, kunamaliza maji tu.

Tuje kwenye mtindi, ambao ndio uliomwudhi bibi kuliko yote. Maziwa mabichi huganda yenyewe kwa sababu yana vijidudu vyake vya kugandisha. Ukiyapasha, vijidudu hivyo vinakufa pamoja na vile vya magonjwa. Basi maziwa yaliyopashwa na kuachwa tu hayagandi vizuri, yanaoza. Lazima uyatie kimea, yaani mtindi kidogo ulio mzuri. Yapoze kwanza mpaka ukigusa sufuria kwa nje usisikie moto wala baridi, halafu tia vijiko viwili vya chakula vya mtindi kwa kila lita, koroga, funika, na uache mpaka kesho yake wakati kama huo. Huku kwenye baridi yatachelewa. Yaweke karibu na jiko au uyazungushie blanketi. Ukipenda mtindi mzito, usiipue maziwa baada ya zile dakika 15. Yaache katika maji yanayochemka nusu saa. Katika sufuria moja huwezi kufanya hivyo bila ya kuunguza. Katika sufuria mbili unaweza, na mtindi wake unakatika kwa kijiko.

Lakini kimea kisitoke katika kibuyu cha maziwa mabichi ya jirani. Hapo utakuwa umeua vijidudu kwa kuni zako mwenyewe kisha umevikaribisha tena kwa kijiko. Na wanaofikiri kwamba ukali wa maziwa mgando unatosha kuua bruselosi wanakosea. Vijidudu vyake vinaweza kuishi humo kwa siku kadhaa.

Yapo ambayo sufuria mbili hazitayaponya. Maziwa yaliyokaa juani tangu asubuhi yakasubiri ya jioni, hata ukiyapasha, sumu iliyokwisha tengenezwa na vijidudu vya namna fulani haiondoki kwa moto. Pasha maziwa mara tu baada ya kukamua na kuchuja. Ng'ombe aliyechomwa sindano au kutiwa dawa ya ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka ziishe siku alizozitaja bwana mifugo. Dawa haiishi kwa kupashwa, na maziwa hayo yatakataa hata kuganda. Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama yake tu. Haya ya ng'ombe, yawe yamepashwa vizuri namna gani, si yake bado.

Wafugaji wa nyuki nao njia hii inawahusu, ila watafute sufuria nyingine ya ndani, maana nta haitoki upesi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ikizidi sana joto juu ya moto mtupu inaweza kuwaka na kuunguza nyumba. Ndani ya maji huyeyuka kwa utulivu. Asali iliyoganda kwa baridi hutaki hata maji yanayochemka: weka chupa katika maji ya uvuguvugu unaoweza kuuvumilia kwa mkono, uwe na subira, italainika bila ya kupoteza harufu yake.

Bibi wa Rungwe bado anatumia ngata yake. Nilipopita kwake mara ya mwisho aliniletea maziwa katika kikombe cha bati, akasimama mbele yangu mpaka nikameza. "Yana moshi?" akauliza. Hayakuwa na moshi. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu vyema peke yangu: ng'ombe wake mmoja alikuwa ametupa mimba juma lile, na mjukuu wake ndiye aliyekwenda kuizika, kwa mikono mitupu.

Sufuria haimlindi mtu na hilo. Ng'ombe akitupa mimba, msishike mimba wala kondo bila ya mifuko ya plastiki mikononi, watoto na mbwa wasisogee, na mmwite bwana mifugo siku ileile. Mjukuu yule alipelekwa hospitali kupimwa damu. Katika mazungumzo yajayo, bwana mifugo mwenyewe atawaeleza namna ya kumpima ng'ombe, chanjo ya mitamba, na la kufanya na ng'ombe atakayeonekana anao ugonjwa. Andaeni maswali yenu.